Je, Wajua? Uhuru Iliyofichua Shimo Jeusi

Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilipaa 12 Desemba 1970, nchi ikitimiza miaka 7 ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Kwa nini huku, karibu na ikweta? Simama penye kibao cha ikweta, Nanyuki: ardhi unayoikanyaga inakwenda mashariki kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi hupewa msukumo huo bure.

Uhuru iliona eksirei za Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, zikipepesa kwa muda wa chini ya sekunde moja, dalili ya kitu kidogo mno. Leo kinatambuliwa kuwa shimo jeusi.

Wanafunzi wa Nyeri, Septemba saa mbili usiku tazameni juu, kaskazini. Liko huko.