Mizinga ya Mjerumani: bei ipo Ulaya, mali haipo Kyela

KYELA inajulikana sokoni kwa mchele na kakao. Hata hivyo, mfanyabiashara akikaa huko msimu mzima anaweza kunong'onezwa kuhusu bidhaa ya tatu: mzinga wa Mjerumani uliofukiwa karibu na Mwaya au Matema, unaosubiri tu mtu wa kutoa "gharama za kufukua".

Vita vilikuwapo kweli, na hapo ndipo wengi wananaswa. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa hata amepata habari ya vita. Septemba 9, Wajerumani kutoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, walishindwa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likavuka mto huo na kuichukua Tukuyu.

Lakini mizinga ilikwenda wapi? Mingine ilitekwa hukohuko Karonga. Ile mikubwa 10 ya manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai 1915, ilipambana nchi kavu na mingi ikalipuliwa na Wajerumani wenyewe. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Hiyo haiuzwi.

Mkusanyaji wa Ulaya hulipia muhuri wa kiwanda, namba, kizibo cha nyuma ya mtutu, magurudumu na, zaidi ya yote, hati za asili ya mali na kibali cha kuitoa nchini. Mtutu mtupu wenye kutu na usio na karatasi kwake ni chuma chakavu chenye kesi ndani yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inadhibiti uchimbaji na usafirishaji wa vitu vya kale. Tena silaha ina sheria yake, ya 2015. Mzigo ukikamatwa mpakani Kasumulu, mtaji umekwenda, na mwenye mtaji huenda akaufuata.

Maganda ya shaba ya risasi za mizinga ni jambo jingine. Tupu, yana bei ya shaba kwa kilo. Kombora zima halina bei: baruti ya miaka mia na zaidi bado hulipuka, na wa kuitwa ni polisi, si fundi wa kuchomelea.

Katika biashara ya kufukua, mwenye shimo hajaweka hata senti. Aliyewekeza ni mgeni peke yake.