Mnara wa Chuma Ulionipa Riwaya

Wazee wa upande wa Maruku husimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara, ufalme wa zamani wa Wahaya, aliwaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Alitaka kujua kuna nini huko juu. Wahunzi wakavukuta, mnara ukapanda, na siku moja ukaanguka.

Riwaya yangu imeanzia kwenye mnara huo. Naishi Bilele, hapa Bukoba mjini. Mchana nafundisha Kiswahili, usiku naandika. Kila ninapokwenda kuisoma riwaya mbele ya watu naulizwa maswali yaleyale mawili: mambo haya umeyatoa wapi, na kitabu cha namna hii kinauzwaje? Nimeona niyajibu kwa maandishi, maana wapo vijana wengi katika mkoa huu wenye visa vizito kuliko changu, na miswada yao imelala kwenye mabegi.

Nianze na Katuruka, kijiji kilichoko huko Maruku. Kulikuwa na mti uliotunzwa sana uitwao Kaiija, na wazee walishikilia kwamba mahali pale ndipo wahunzi wa Rugomora walipofanyia kazi. Mwaka 1969 alifika mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt. Alikaa akawasikiliza wazee, kisha akachimba palepale walipomwonesha. Akakuta mabaki ya uhunzi na mkaa, na vipimo vikaonesha kuwa kazi ya chuma ilifanyika pale yapata miaka 500 kabla ya Kristo. Rugomora anakadiriwa kutawala katika karne ya 17. Kati ya mfalme na moto ule pana zaidi ya miaka elfu mbili, na bado watu walikuwa wanajua pa kuonesha kidole. Nilipoyasoma hayo nilijua nimepata kitabu. Kama ardhi inaweza kushika siri muda wote huo, basi chuma chenyewe kinaweza kuwa na kumbukumbu, na anaweza kutokea mtu mwenye uwezo wa kukisikia.

Mtu huyo nikampa jina la Kemilembe, binti wa mhunzi. Hapo nikakutana na mwiko. Katika uyeyushaji wa chuma wa Kihaya, kama kwa jamii nyingi za Afrika, mwanamke aliye katika siku zake hakuruhusiwa kusogelea tanuri. Tanuri lenyewe lilihesabiwa kama tumbo linalozaa. Mwiko huo ukawa uti wa mgongo wa kisa changu: anayesikia chuma kinasema nini ndiye asiyeruhusiwa kukikaribia. Nikaongeza sharti moja. Kila mara Kemilembe anaposikia sauti ya mhunzi wa kale ndani ya chuma, anasahau jina la ndugu yake mmoja. Mfalme anataka mnara uende juu, na ili uende juu ni lazima binti asikilize. Kufikia sura ya tisa haikumbuki tena sura ya mama yake.

Nawaambia wanafunzi wangu kwamba muujiza usio na gharama humchosha msomaji. Shujaa akiweza kila kitu bila kulipa, hakuna wa kumhofia.

Kuhusu tanuri sikubuni kitu. Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani wayeyushe chuma tena kwa njia yao. Walichimba shimo wakalisakafia kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya bondeni yaliyochomwa hadi kuwa makaa, wakajenga bomba la tanuri juu yake, kisha wakapitisha mirija ya udongo kutoka kwenye mivukuto hadi ndani kabisa ya moto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science: joto lilivuka nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wanazuoni wengine wamebishana nao kuhusu sababu za joto hilo, lakini kazi ya mikono ya wazee wale ilionekana na ikaandikwa. Matete yale yaliyoungua yamenipa sura nzima. Kemilembe hawezi kusogelea tanuri, lakini matete anaweza kuyakata bondeni, na ni ndani ya matete ndimo anamoficha ujumbe wake kwa baba.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisimamia kuliko yote. Kiswahili kina fantasia ya siku nyingi. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyoko angani, na katika Adili na Nduguze tukakutana na ndugu waliogeuzwa manyani na mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Uingereza, J. R. R. Tolkien alibuni dunia yake akaichorea na ramani. Nawaheshimu wote wawili. Lakini msomaji wa kwetu ana tabia yake. Ukimwambia mfalme alijenga mnara wa kufika mbinguni, hakuulizi kama inawezekana. Anakuuliza: kijiji gani? Ukiweza kumtajia kijiji, bonde na upande jua linakochwea, atakufuata hata ukimpeleka kuzimu.

Kwa hiyo nchi ya riwaya yangu ni hiihii. Kuna kibanja, yaani migomba, mibuni na nyumba, mahali pa watu. Ukitoka hapo unaingia rweya, mbuga ya majani mafupi isiyo na mwenyewe, na katika simulizi zetu mambo mazito hutokea mtu anapovuka kutoka kibanja kwenda rweya. Kisha kuna ziwa. Ziwani yuko Mugasha, mwenye upepo na dhoruba, ambaye wavuvi wa zamani walimheshimu kabla ya kushusha mtumbwi. Porini yuko Irungu, na chini kwa wafu yuko Wamara. Mimi sikuwa na haja ya kubuni miungu mingine. Kazi yangu ilikuwa kuwaweka hawa kila mmoja mahali pake na kuwaachia wagombanie mnara.

Walionifundisha hayo ni wapiga nanga. Nanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo kama sinia, ukavutwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe, na mpigaji huimba kisa kizima juu ya sauti zake: Mugasha, Rukiza, Kachwenyanja. Habibu Selemani alikuwa miongoni mwa waliojulikana sana. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huuhuu, alizifanyia nanga hizi tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 1986, akatetea kwamba ni tendi kamili zinazostahili kukaa meza moja na tendi za mataifa mengine. Yeye mwenyewe aliandika riwaya za vijana, Ngome ya Mianzi na Ngoma ya Mianzi. Kwa hiyo njia ya kutoka kwenye nanga hadi kwenye riwaya ilikuwa imeshakanyagwa, mimi nimeifuata tu.

Hata hadithi za jioni zina utaratibu wa ajabu. Msimuliaji hutangaza kwamba alikwenda akaona, na wasikilizaji humjibu aone, ili nao waone. Peter Seitel, aliyezikusanya hadithi hizi, alilifanya jibu hilo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Kwangu jibu hilo ni amri. Nikishamaliza sura, naisoma kwa sauti nikiwa nimefumba macho kila baada ya aya, na pale nisipoona kitu, nafuta.

Mswada ulipokamilika niliupeleka kwanza kwa mzee mmoja wa Kamachumu, Muleba, ambaye utotoni alisikia nanga mfululizo. Nilimsomea barazani huku akitafuna kahawa. Nilipofika mnara unapoanguka akaniinulia mkono.

“Waitu, mwalimu, umeanguka upande gani?”

“Upande wa ziwani, mzee.”

“Basi mwandikie Mugasha mawimbi. Chuma chote kile kimeingia nyumbani kwake, naye anyamaze?”

Kutokana na swali hilo riwaya ikapata sehemu ya pili.

Upinzani upo pia, na una uzito. Huu ni mkoa wa dini. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, mwaka 1960, ni mtoto wa Muleba. Mzazi akiona jina la Mugasha kwenye jalada anaweza kudhani namrudisha mwanawe kwenye matambiko. Sibishani na mzazi huyo. Namwomba asome sura ya kwanza pamoja na mtoto. Wengi wakifika kwa Kemilembe na baba yake wanasahau walichokuja kulalamikia, kwa sababu wanamwona binti wao.

Sasa kuuza. Kila mwandishi wa kanda hii anapaswa kuijua habari ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilipochapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, ilikuwa mwaka 1980, naye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Inaniuma kila ninapoikumbuka. Leo milango ni mingi zaidi: ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Pelekeni miswada. Ila msikae kungoja tuzo ndipo watu waanze kuisikia kazi yenu.

Mimi nimemfuata mpiga nanga: kazi isikike kwanza, isomwe baadaye. Narekodi sura kwa simu, dakika chache tu, naituma kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kwaya, ya waliosoma pamoja. Nakata pale Kemilembe anapotia mkono kwenye matete na kugusa kitu chenye joto. Kesho yake simu zinaanza: halafu ikawaje? Anayepiga simu ndiye mnunuzi wangu. Shuleni naomba kipindi cha mwisho cha Ijumaa, nasoma, kisha nawaachia wanafunzi wachore mnara. Mnara mmoja uliochorwa na msichana wa kidato cha pili, wenye ngazi za mivukuto kutoka chini hadi mawinguni, ndio ulioko kwenye jalada, na mchoraji alilipwa.

Msimu wenyewe ni Desemba. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha familia nzima, senene zimo kwenye madumu, na watoto wa mjini wanazunguka kwa bibi wasijue Kihaya hata cha salamu. Wazazi wao ndio wateja wangu wakubwa. Namaanisha hili kwa moyo wote: mtoto wa Kimara au Mbagala anayepelekwa Katuruka kwa sababu ya riwaya, akasimama mahali pa Kaiija na kuuliza mavi ya chuma ni nini, ananifurahisha kuliko noti ya shilingi elfu kumi anayolipa baba yake. Madukani naacha nakala chache kwa mali kauli. Fedha yake hurudi polepole, kwa hiyo kapu langu mwenyewe ndilo duka la uhakika.

Sehemu ya pili inahamia ziwani, kwenye visiwa vya Muleba. Chuma cha mnara kiko chini ya maji, na Mugasha anadai fidia. Nimeshafika Bumbire kuwasikiliza wavuvi wakinitajia pepo za ziwa, upi huja alfajiri na upi hugeuza mtumbwi, na nimewaahidi kwamba wao ndio watakaosikia sura yake ya kwanza, mwaloni, jioni nyavu zikishaanikwa.