Mmiliki Mpya, Jina Jipya: Twitter Katika Kiswahili

Tarehe 27 Oktoba 2022, tajiri Elon Musk alikamilisha ununuzi wa mtandao wa kijamii wa Twitter kwa dola za Marekani bilioni 44. Siku chache baadaye wafanyakazi wengi waliachishwa kazi, wakiwemo takriban wote wa ofisi ya Afrika iliyokuwa Accra, nchini Ghana. Kwa Waswahili hasara hiyo haikuwa ndogo. Mtandao huo ulikuwa umeanza kukitambua na kukifasiri Kiswahili mwaka 2018 tu, na mwenye kuamua lipi ni tusi na lipi ni utani sharti aijue lugha.

Julai 2023 jina nalo likabadilishwa, likawa X. Hapa ndipo penye suala la kiisimu, kwani alfabeti ya Kiswahili Sanifu haina herufi hiyo. Jina la kwanza lilikuwa limekwisha kupokewa: “Twita” iliingia katika ngeli ya I/ZI, na kitenzi “kutwiti” kikabeba viambishi bila taabu (ametwiti, hatukutwiti). X haina hata irabu ya kushikia. Aliyesoma kwa Kifaransa, kama ilivyo Mahagi-Port, huitamka “iksi”. Ng’ambo ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, aliyesoma kwa Kiingereza husema “eksi”. Kitenzi chake hakijazoeleka. Ndiyo maana wengi huandika “X, zamani Twitter”, na Wakenya wa mtandaoni wameendelea kujiita KOT, kifupisho ambacho T yake ni ya Twitter.