Kumpata mkuu wa chuo kikuu: Tangazo gazetini au hodi mlangoni?

ANAYEISHI Muthangari, magharibi mwa jiji la Nairobi, amezingirwa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Bewa la Chiromo liko upande wa mjini, la Parklands liko ng'ambo ya Westlands, na ukifuata Barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi utafika Kabete. Mabewa yote hayo, pamoja na makao makuu yaliyo katikati ya jiji, huongozwa na mtu mmoja ambaye ni Naibu Chansela. Chansela mwenyewe ni mwenye cheo cha heshima, na kazi yake inayoonekana zaidi ni kuwatunuku mahafali shahada zao.

Swali la namna ya kumpata Naibu Chansela limewasumbua Wakenya kwa miongo kadhaa. Katika nchi nyingine, hasa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, vyuo hukodi kampuni za kusaka viongozi. Nchini Kenya, vyuo vya umma hutegemea tangazo gazetini na mahojiano mbele ya jopo. Njia hizi mbili huonekana kama ndugu, lakini hazimleti mtu wa aina moja.

Awali hapakuwa na tangazo wala msako. Chuo kilipopewa hadhi kamili mwaka 1970, Dkt Josephat Karanja, aliyekuwa balozi wa Kenya jijini London, alikabidhiwa usukani. Rais ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vyote vya umma, na neno lake lilitosha. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa jirani mno na siasa: Karanja baadaye akawa Makamu wa Rais, naye Profesa Philip Mbithi aliondoka chuoni mwaka 1991 akawa Mkuu wa Utumishi wa Umma. Msomi aliyeteuliwa kwa njia hiyo alijua fika mwajiri wake ni nani.

Mambo yalibadilika baada ya uchaguzi wa 2002. Rais Mwai Kibaki aliachia cheo cha Chansela, na mwaka 2003 mfanyabiashara Joe Wanjui akakichukua katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mapema mwaka 2005, Profesa George Magoha, daktari wa upasuaji, akawa Naibu Chansela wa kwanza wa chuo hicho kupatikana kwa ushindani. Alifuatwa na Profesa Peter Mbithi mwaka 2015 na Profesa Stephen Kiama mwaka 2020.

Hapa pana jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Wote watatu, Magoha, Mbithi na Kiama, walikuwa manaibu wa Naibu Chansela katika chuo hichohicho kabla ya kupanda ngazi. Nafasi ilitangazwa mara tatu, na mara tatu mshindi alitoka katika ujia uleule wa ofisi. Hilo si kosa lao. Huenda walistahili kabisa. Lakini linaonyesha mpaka wa tangazo. Tangazo humleta anayeitaka kazi, tena anayeifahamu njia ya kuipata. Halimfikii anayeifaa kazi hiyo bali ametulia kwingine.

Pengo hilo ndilo linalozilisha kampuni za msako. Waingereza wana jina la utani kwa watu wa kazi hiyo, linalomaanisha wawindaji wa vichwa, jina la kutisha kwa kazi inayofanywa kwa simu na vikombe vya kahawa. Baraza la Chuo huunda kamati, nayo kamati huteua kampuni. Wiki za mwanzo hutumika kuuliza maswali: wahadhiri wanalalamikia nini, deni ni kiasi gani, mkuu anayetakiwa ni mtafiti mashuhuri au ni mtu wa kutuliza migomo na kutafuta fedha? Majibu huandikwa kuwa maelezo ya kazi yenye sifa zinazopimika.

Kisha kampuni huandaa orodha ndefu ya majina, mengi yakiwa ya watu ambao hawajaomba chochote. Hupigiwa simu mmoja mmoja, kwa siri. Wengi hukataa. Wachache hukubali kusikiliza, na hao huchunguzwa: waliowahi kufanya kazi nao huulizwa, vyeti huhakikiwa, kesi za zamani hufukuliwa. Kamati hupokea majina machache, huwahoji wenyewe, na Baraza hufanya uamuzi. Kwa desturi ya biashara hiyo, ada huwa takriban thuluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa anayeajiriwa.

Siri ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Mkuu wa kitivo katika chuo cha Afrika Kusini au Canada hatapenda wakubwa wake wasome gazetini kwamba anahojiwa Nairobi, kisha akose. Nchini Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma huchapisha majina ya walioitwa kwenye mahojiano na kuualika umma kutoa maoni kuwahusu. Utaratibu huo unamfaa mlipa ushuru, lakini humfukuza mgeni mwenye kazi nzuri kwingine. Ongeza mshahara unaopangiwa mipaka na serikali na madeni ya mabilioni ya shilingi, na utaelewa kwa nini foleni huwa ya wenyeji.

Vyuo vya kibinafsi havina kizingiti hicho. Mwaka 2016, USIU-Africa iliyoko Kasarani ilimpata Profesa Paul Tiyambe Zeleza, msomi mzaliwa wa Zimbabwe mwenye asili ya Malawi, kutoka Chuo Kikuu cha Quinnipiac nchini Marekani. Aliongoza hadi 2021. Mbali zaidi, Cambridge ya Uingereza ilimtoa Deborah Prentice katika chuo cha Princeton mwaka 2023, na huko hakuna aliyeuliza kwa nini mwenyeji hakupewa.

Chuo cha umma nchini Kenya hakiwezi kuiga hayo kwa ukamilifu. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na sifa, na majina yaliyokusanywa kwa minong'ono yatatiliwa shaka upesi. Aidha, nchi hii ina historia yake. Septemba 2016, Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kukaimu uongozi wa Chuo Kikuu cha Moi, wanasiasa wa eneo hilo, magavana wakiwemo, waliandamana wakidai mwenyeji. Baadaye Ayiro alikwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Daystar. Kampuni gani ya msako ingemshawishi msomi wa mbali kuja kupokewa kwa maandamano?

Makerere ya Uganda inafuata njia ya kati. Chuo huunda kamati ya msako, Seneti hupendekeza majina matatu, Baraza huyapitisha na Chansela huteua. Mwaka 2017 Profesa Barnabas Nawangwe alipatikana hivyo, baada ya kampeni kali na hadharani. Naye pia alikuwa mtu wa ndani, naibu wa Naibu Chansela.

Lakini hata msako bora huishia mikononi mwa wenye mamlaka ya kutia saini. Marekebisho ya sheria ya 2018 yaliikabidhi Tume ya Utumishi wa Umma jukumu la kuwahoji wanaowania unaibu chansela, ili kuondoa upendeleo wa mabaraza. Tume ikawahoji wawaniaji wa Nairobi, Kiama akaongoza, na Januari 2020 Baraza likampa barua. Siku chache baadaye Waziri wa Elimu aliubatilisha uteuzi huo, akalivunja Baraza na kumteua Profesa Isaac Mbeche kukaimu. Waziri huyo alikuwa Magoha yuleyule wa 2005. Mzozo ulifika mahakamani, na Kiama akarejea ofisini mwaka huohuo.

Oktoba 2024, kabla ya muhula wake kuisha, Baraza jingine lilimtaka aondoke, na pande hizo zikakutana tena kortini. Katika vipindi vyote viwili hakuna aliyedai kwamba majina hayakusakwa vya kutosha. Lililobishaniwa lilikuwa ni nani mwenye neno la mwisho: Tume, Baraza au Waziri. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo msomi aliyetulia Cape Town au Toronto huuliza anapopigiwa simu, kabla hajauliza mshahara.