Msaada wa Dharura kwa Mtu Mwenye Ulemavu wa Akili: Njia Zilizopo Njombe na Makambako

Ulemavu wa akili ni hali inayoanza kabla ya utu uzima, ambamo uwezo wa mtu wa kujifunza, kufikiri na kujimudu katika shughuli za kila siku huwa chini sana ya ule wa watu wa rika lake. Nayo ni tofauti na ugonjwa wa akili, ambao huweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, hutibiwa, na mara nyingi hupungua au huondoka kabisa. Tofauti hiyo hupata uzito mkubwa zaidi pale dharura inapotokea, kwa kuwa anayezichanganya hali hizi mbili huweza kumpeleka mtu mahali pasipomfaa, au kumpa dawa ya kumtuliza wakati kinachomsumbua ni sikio lenye usaha.

Katika Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, hakuna namba moja ya simu iliyoundwa kwa ajili ya dharura za watu wenye ulemavu wa akili. Namba 112 ni ya polisi; 116, ambayo mpigaji hatozwi chochote, ni ya huduma kwa mtoto na hupokea taarifa za watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao; na 115, iliyo chini ya mfumo wa m-mama, ni ya kuwasafirisha wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga wanaohitaji kufikishwa hospitali haraka. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ambaye usiku wa manane anaanza kujigonga kichwa ukutani si mtoto, si mjamzito, wala si mhalifu, na kwa sababu hiyo msaada wake hupitia kwa watu walio karibu zaidi: mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, mtendaji wa kijiji au wa kata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mganga wa zahanati, na juu yao afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye ndiye mtumishi wa umma mwenye jukumu la kuziunganisha huduma za afya, ulinzi na malezi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na ni vyema familia ikafahamu ni nani waliomo katika kamati ya kwao kabla haijawahitaji.

Sehemu kubwa ya dharura zinazoonekana kama za tabia huwa ni za mwili. Mtu asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma, kwamba hajapata choo kwa siku kadhaa, au kwamba kibofu chake kimeziba, hulisema jambo hilo kwa njia aliyonayo, yaani kwa kupiga kelele, kujing'ata, kukataa chakula au kumpiga anayemkaribia. Wataalamu huita “kufunikwa kwa utambuzi” kosa la kuhesabu kila dalili mpya kuwa ni sehemu ya ulemavu wenyewe, ambapo jibu la “ndivyo alivyo” hufunga uchunguzi kabla haujaanza. Kanuni ya kitabibu inayofaa ni nyepesi kuieleza ingawa husahaulika mara kwa mara: tabia iliyobadilika ghafla ichunguzwe kwanza kama maumivu au maradhi, kwa kuangalia masikio, meno, tumbo, mkojo, joto la mwili, na kipimo cha malaria, na baada ya hapo tu ndipo zifikiriwe sababu za kiakili au za kimazingira. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma, ambayo ilianzishwa mwaka 1927 na ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, ni ya rufaa. Mtu mwenye ulemavu wa akili hupelekwa huko ikiwa ana ugonjwa wa akili juu ya ulemavu wake, si kwa sababu tu ndugu wamechoka.

Kifafa, ambacho huwapata watu wenye ulemavu wa akili kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine, kinastahili kutajwa peke yake, na katika nyanda za juu kina hatari ya ziada. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi yake huwakusanya watu kuzunguka mafiga na majiko ya mkaa, kiasi kwamba anayeanguka kwa degedege huweza kuangukia motoni na kuungua kabla hajashikwa. Mtu aliyeanguka hulazwa ubavu, huondolewa vitu vinavyoweza kumuumiza, wala hatiwi kijiko, kitambaa au kidole kinywani. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura inayohitaji dayazepamu na usafiri wa haraka kwenda kituo cha afya au hospitali. Dawa za kifafa kama fenobabitoni zikikatizwa ghafla huweza zenyewe kuleta degedege lisilokoma, hivyo chupa inayokaribia kwisha ni jambo la kushughulikiwa wiki moja kabla. Lile zoea la kumfungia mtu ndani ili asizurure, hata likifanywa kwa mapenzi, humwacha bila njia ya kutoka moto unaposhika au chumba kinapojaa hewa yenye sumu ya mkaa.

Nchini Uingereza, watu wenye ulemavu wa akili hupewa waraka mfupi unaoitwa pasipoti ya hospitali, ambao humweleza mhudumu mgeni jinsi mgonjwa anavyowasiliana, anachokiogopa na dawa anazotumia. Hakuna kinachozuia familia ya Njombe kuandika karatasi kama hiyo kwa mkono, ikitaja jina la mwenye karatasi na la mlezi, simu mbili, dawa na kipimo chake, namna anavyoonyesha maumivu, na lugha anayoielewa. Hilo la mwisho si dogo, maana vijijini wapo wanaoelewa Kibena, Kikinga au Kipangwa peke yake, ilhali askari au muuguzi aliyehamishiwa huko kutoka mkoa mwingine hana ila Kiswahili, na kimya kinachofuata huhesabiwa ukaidi.

Makambako ina hatari ya namna yake. Mji huo uko penye njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, na una stesheni ya reli ya TAZARA. Mtu aliyepotea stendi asubuhi huweza kuwa mkoa mwingine jioni, akiwa amepanda basi au lori bila kujua liendako. Taarifa ya kupotea kwa mtu asiyeweza kujieleza haipaswi kungoja kesho yake: itolewe polisi mara moja, na pia kwa makondakta, mawakala wa mabasi na walinzi wa stesheni, ikiambatana na picha ya karibuni iliyomo katika simu ya mlezi.

Kuhusu ukatili wa kingono, muda ndio unaotawala kila kitu, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72, na Njombe ndiyo mkoa uliokuwa na kiwango cha juu kabisa cha VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023. Fomu namba 3 ya polisi, iitwayo PF3, ni ya lazima kwa ushahidi lakini haipaswi kutangulia matibabu. Mwathirika hufikishwa hospitalini, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hufuata au huenda sambamba. Nguo hazifuliwi na mwili hauoshwi kabla ya uchunguzi. Kifungu cha 137 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayefanya ngono na mwanamke akijua ana ulemavu wa akili, hata pale ambapo kosa la kubaka halikuthibitika. Kimeandikwa kwa maneno ya kale yanayodhalilisha, nacho kinastahili kuandikwa upya, lakini kinafunga mlango wa utetezi kwamba “alikubali”.

Dharura inayoandaliwa kidogo kuliko zote ni ile ya mlezi mwenyewe. VVU iliyaacha malezi mengi mkoani humu mikononi mwa mabibi, na bibi mwenye miaka 70 anapolazwa ghafla, mjukuu aliyemtegemea kwa chakula, usafi na dawa hubaki na majirani wasiojua hata jina la kidonge chake. Afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye wajibu wa kutafuta ndugu au mlezi wa muda, na hufanya hivyo kwa urahisi zaidi pale ambapo jina la mlezi wa pili, aliyekubali mbele ya mashahidi, limeandikwa katika ofisi ya mtendaji na nakala ya ile karatasi ya mkono imewekwa pamoja nalo.