Somo la Redio: Mama Anapotibiwa Saratani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: saratani, mionzi, zamu. La kwanza ni jina la ugonjwa. La pili ni tiba isiyoonekana kwa macho. La tatu mnalijua tangu zamani, na leo ndilo tutakalolisema zaidi.

Tuseme mama yako anakaa kijijini, mkoani Singida. Ametokwa damu miezi kadhaa, ingawa umri wa kuzaa umekwisha kumpita. Hospitalini wamekata kipande kidogo cha nyama, kikapimwa, na daktari amesema ni saratani ya mlango wa kizazi. Amepewa barua aende Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la kale, kule karibu na bahari, lilifunguliwa mwaka 1897, wakati wa Wajerumani. Taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1996.

Sasa sikilizeni hesabu. Mionzi ya mashine hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 kila juma, kwa muda wa majuma 5 hivi. Kila mara ni dakika chache tu, wala haiumi. Kisha hufuata mionzi ya ndani, mara chache. Madaktari hutaka kazi yote imalizike katika majuma 8. Kwa nini? Kwa sababu matibabu yakikatizwa, chembe za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kukua tena.

Hapo ndipo jamaa wengi hukwama. Nauli ya kwenda wameichanga, mbuzi wameuzwa, lakini matumizi ya majuma 8 hawakuyafikiria. Mvua ikinyesha, aliyemsindikiza mama anaitwa shambani. Tena kuna mtego mwingine. Mionzi huweza kuzuia damu mapema, kabla ugonjwa haujaisha. Mama anasema, “Mwanangu, nimepona, nirudishe nyumbani.” Usimrudishe! Mwambie kwa upole, “Mama, damu imekoma, lakini mzizi bado umo. Tumalize kwanza.”

Kwa hiyo kaeni kikao kabla basi halijaondoka, na mama mwenyewe awepo. Wengine humficha mzazi jina la ugonjwa, wakidhani wanamhurumia. Mimi sioni huruma hapo. Mtu asiyejua anatibiwa nini atavumiliaje majuma 8? Gawaneni zamu: nani atakaa naye mjini, nani atakuja kumpokea huyo baada ya majuma 4, nani atapalilia shamba la mama, nani atashika fedha na kuandika kila shilingi katika daftari. Binti asiachiwe kazi yote kwa kuwa ni binti. Kijana wa kiume naye aweza kukoroga uji. Na fedha zikiisha, msitoroke. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mkamweleze kabla hamjakata tiketi ya kurudi.

Wewe uliye zamu, sikiliza vizuri. Kuchoka, kichefuchefu na kuhara hutokea. Mpe mama chakula kidogo mara nyingi, na umwambie daktari. Alama zilizochorwa mwilini zisisuguliwe wakati wa kuoga. Pengine atapewa pia dawa za saratani kwa dripu. Akishikwa na homa, hata usiku wa manane, mpeleke hospitali saa ile ile, maana dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu. Dawa za miti shamba usimpe kwa siri, mwulize daktari.

Majirani watauliza kama ni salama kula naye. Ni salama. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, na mionzi ya mashine haibaki mwilini. Wajukuu na wamkumbatie bibi yao.

Kazi ya darasa: Andika majina ya watu wa nyumba yako. Mbele ya kila jina andika zamu ambayo mtu huyo angeweza kuishika. Kisha darasa zima lipige hesabu ya nauli kutoka kijijini kwenu hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi: ya mgonjwa, ya msindikizaji, na ya yule wa zamu ya pili.