Aksoloti Anapougua Ghafla: Tibu Maji Kwanza

(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata aksoloti kutoka mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, hadi Paris alikofikishwa katika miaka ya 1860, na kutoka huko hadi kwenye matangi ya kioo ya wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia. Leo tuna swali ambalo mfugaji wa amfibia huyu hawezi kulikwepa milele. Jana mnyama alikula nyungunyungu wake vizuri; leo amejibana pembeni, chakula hataki, matamvua yamekunjama kuelekea mbele. Aliye naye afanye nini?

Jibu langu ni fupi: kabla ya kutafuta dawa, pima maji. Magonjwa mengi ya aksoloti tunayoyaita ya ghafla yalianza siku au wiki kadhaa nyuma, ndani ya tangi, na mnyama akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa aksoloti, nguo ni maji.

Tuanze na sumu yenyewe. Aksoloti hutoa taka za mwili wake kama amonia, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula vikioza huongeza amonia nyingine. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoishi kwenye sponji la kichujio na juu ya mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti. Amonia na nitriti hudhuru hata zikiwa kidogo. Nitreti huvumilika ikiwa kidogo, nayo hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 8 kujijenga. Kwa hiyo anayenunua tangi Jumamosi na kumtia mnyama Jumapili amemweka mahali pasipo na wa kumsafishia. Aliyeosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini naye huenda amewaua wasafishaji wake mwenyewe, na umeme ukikatika kwa saa nyingi kichujio husimama, bakteria wakakosa oksijeni. Katika hali zote hizo maji hubaki maangavu, na ndiyo sababu jicho halifai kuwa kipimo.

Jambo la pili ni joto. Jiji la Mexico liko mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, na maji ya asili ya mnyama huyu ni ya baridi. Nyumbani humfaa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakifika 24 na kubaki hapo, ameanza kuumia. Joto humshambulia kwa njia nyingi kwa mpigo. Hupunguza oksijeni majini wakati mwili wake unaihitaji zaidi, huozesha mabaki ya chakula upesi, na hufanya sehemu kubwa zaidi ya amonia iwe katika ile hali yenye sumu kali. Ndiyo maana wiki moja ya joto la Julai huko Ulaya inaweza kumwangusha aksoloti ambaye mwezi Juni alikuwa mzima kabisa.

Sasa tusome dalili. Matamvua yaliyokunjama mbele, ncha ya mkia iliyojipinda na kukataa chakula ni ishara kwamba maji yanamsumbua: yana sumu, yana joto, au pampu inayasukuma kwa nguvu mno. Vishungi vyeupe kama pamba kwenye matamvua huitwa kuvu, mara nyingi wa jamii ya Saprolegnia, na kuvu huyo hupenda ngozi ambayo tayari ina jeraha au imedhoofika. Ukimuua bila kurekebisha maji, atarudi. Wekundu unaosambaa miguuni na tumboni huweza kuwa maambukizi ya bakteria, na hapo usipoteze muda nyumbani. Kuelea peke yake si ugonjwa ikiwa mnyama anaweza kushuka chini apendapo. Akishindwa kushuka, huenda ana gesi tumboni au amemeza kitu. Aksoloti hula kwa kufunua kinywa na kufyonza kilicho mbele yake, changarawe ikiwemo, na jiwe lililokwama huonekana kwa picha ya eksirei.

Hatua ya kwanza ni kumhamishia kwenye beseni la plastiki lisilowahi kutiwa sabuni, lenye maji safi ya joto lilelile la tangi. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Usitegemee kuyaacha yalale usiku, kwa kuwa miji mingi hutumia kloramini, ambayo haitoki kirahisi namna hiyo. Funika beseni, liweke mahali penye giza na ubaridi, na ubadilishe maji yote kila siku, maana humo hamna kichujio. Kisha rudi kwenye tangi na vipimo vya matone: amonia na nitriti zinapaswa kusoma sifuri. Ikiwa tatizo ni joto, elekeza feni juu ya uso wa maji au tia tangini chupa iliyofungwa yenye maji yaliyoganda, ielee humo. Barafu usiitupe majini moja kwa moja. Kushuka ghafla kwa joto nako ni pigo.

Ndipo tufike kwenye dawa. Ngozi ya amfibia hupitisha vitu kwa urahisi, hivyo dawa nyingi za samaki, hasa zenye shaba au rangi ya malachite, zinaweza kumuua aksoloti. Kwa kuvu, wafugaji wazoefu humwogesha kwa maji yenye vijiko vidogo 2 hadi 3 vya chumvi isiyo na iodini kwa kila lita, kwa dakika 10, mara moja au mbili kwa siku. Akizidishiwa muda, chumvi huunguza ngozi na matamvua. Wengine hutumia majani makavu ya mkungu, mti uleule unaotutilia kivuli pwani, kwa sababu hutoa tanini zinazomzuia kuvu kidogo. Kumweka mnyama ndani ya jokofu kuna watetezi na wapinzani wake: baridi hupunguza kasi ya kuvu na bakteria, lakini hupunguza pia kinga ya mnyama. Usilifanye la kwanza.

Wekundu, vidonda, uvimbe, kuelea kusikokoma, au siku kadhaa bila nafuu, ni kazi ya daktari wa wanyama, na mtafute anayewajua amfibia. Mpelekee namba za vipimo vya maji pamoja na mgonjwa. Bila namba hizo naye atabahatisha.

Akipona, asirudishwe mpaka tangi lisome sifuri kwa siku kadhaa mfululizo. Aksoloti anaweza kuotesha upya mguu, mkia na matamvua yaliyoharibika. Kazi asiyoiweza ni kujisafishia maji, na hiyo ni ya aliyemfungia ndani ya kioo. Katika sehemu ya tatu tutaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kukomaza tangi jipya kabla mnyama hajatiwa ndani.